Kiki ya Siku Tatu, Kodi ya Mwaka Mzima

Julai 15, 2021 Watanzania walianza kukatwa tozo ya miamala ya simu: kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila kutuma au kutoa pesa, kutegemea kiasi, juu ya ada ya kawaida ya kampuni ya simu. Mara mitandao ikajaa mzaha wa makato, na wachekeshaji nao wakaingia na klipu zao. Mwanzoni mwa Septemba serikali ikashusha tozo kwa asilimia 30, na wapo waliosema kicheko kimeshinda.

Kilishinda nusu. Sheria ya Fedha iliyozaa tozo hiyo ilipita Bungeni mwezi Juni. Hotuba ya bajeti ilisomwa Dodoma hadharani, ikatangazwa moja kwa moja, ikajadiliwa kwa siku kadhaa na kupigiwa kura. Hizo ndizo siku ambazo mzaha ungegharimu kidogo na kufanya kazi kubwa. Mzaha mwingi ulikuja baada ya salio kukatwa, na mtu aliyekwisha kukatwa hana cha kuomba zaidi ya punguzo.

Hilo ndilo tatizo kubwa ninaloliona katika uchekeshaji wetu unapogusa mambo ya jamii. Unafuata kalenda ya trendi, ilhali mambo yenyewe yana kalenda yake. Jambo hutrendi siku linapouma. Uamuzi ulioleta maumivu huwa umefanyika wiki au miezi kabla, katika kikao ambacho hakuna aliyekitania kwa sababu hakuna aliyekuwa akikitafuta. Mchekeshaji anayesubiri trendi atakuwa anachekesha msibani kila mara.

Kenya ilionyesha kinyume chake mwaka 2024. Muswada wa Fedha ulitoka mwezi Mei, na vijana hawakungoja makato. Waliuchukua waraka wenyewe, wakaukata kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wakauweka TikTok. Wakaucheka ukiwa bado muswada. Kufikia Juni 18, kabla ya wabunge kuanza kuujadili kwa kina, upande wa serikali ulikwisha kutangaza kuondoa VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwenye magari. Juni 25 Bunge liliupitisha muswada, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Sitaandika kana kwamba utani ndio uliokufa barabarani siku ile; waliokufa ni watu. Lakini utani ulikuwa umefanya kazi yake mapema: ulimfanya mtu asiyewahi kusoma muswada ajue kifungu kimoja au viwili kwa moyo.

Tazama jina la utani "Zakayo" alilopewa Ruto, lililoshika Kenya tangu siku za mvutano wa kodi wa 2023. Zakayo wa Biblia ni mtoza ushuru tajiri, mfupi, aliyepanda mkuyu, akaambiwa ashuke. Kila aliyepita shule ya Jumapili anakijua kisa hicho, kwa hiyo neno moja limebeba hoja nzima: unatoza kupita kiasi, na tunakutaka ushuke. Halitaji kabila, halitaji umbo la mtu wala mke wake. Linataja kodi. Mchekeshaji anayetaka kujua utani wa sera unavyoundwa na alichambue jina hilo kwa saa nzima.

Na tukubali jambo moja: mzaha mkali zaidi wa msimu ule mara nyingi ulitoka kwa vijana wasio na jina, si kwa wachekeshaji wa kulipwa. Sababu si uoga tu. Sababu kubwa ni mapato.

Ili YouTube ianze kumgawia mtengeneza kontenti pesa za matangazo ya video zake ndefu, anahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Matangazo ya katikati ya video huruhusiwa video ikifika dakika 8, ndiyo maana utaona skiti ya dakika tatu imevutwa hadi dakika nane na sekunde chache, ikapoteza chumvi yote. Video inayogusa maandamano, vifo au mgogoro wa kisiasa huweza kupata alama ya njano ya dola, maana yake matangazo machache au hakuna kabisa. Matokeo yake ni kwamba mchekeshaji mwingi wa Dar es Salaam au Nairobi haishi kwa mitandao yenyewe. Anaishi kwa ubalozi wa bidhaa: kampuni ya kubeti, mtandao wa simu, benki, sabuni, unga. Mkataba wa ubalozi mara nyingi huwa na kipengele kinachomzuia kuchapisha "mambo ya kisiasa" au chochote "kitakachoharibu taswira ya bidhaa".

Kipengele hicho ndicho kinachoua kazi, na kinaweza kujadiliwa kabla ya kusaini. Kiombe kiseme "kampeni za vyama na wagombea", kisiseme "siasa", kwa sababu machoni pa ofisa masoko mwenye hofu hata bei ya mkate ni siasa. Kiwekewe mwisho: kinahusu machapisho yaliyolipiwa na siku kadhaa kabla na baada yake, si ukurasa mzima kwa mwaka mzima. Na mkataba useme wazi nani anaamua kwamba taswira imeharibika, na kwamba kabla ya kuvunja mkataba kuna notisi ya maandishi. Mchekeshaji asiye na mwanasheria ajue kwamba kulipia saa moja ya mwanasheria ni rahisi kuliko kurudisha malipo ya awali.

Sasa tumwangalie mtu aliyejaribu kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hadharani. Eric Omondi, mchekeshaji wa Kenya, alikuwa bingwa wa kiki. Mwaka 2020 aliendesha shindano la mtandaoni la kutafuta mke, na Machi 2021 akakamatwa kwa sababu ya awamu ya pili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ikidai hana leseni. Novemba mwaka huohuo alikamatwa nje ya Bunge akidai asilimia 75 ya muziki unaopigwa katika vyombo vya habari iwe ya Kenya. Februari 2023 alirudi palepale na vijana waliovua mashati, wakipinga gharama ya maisha, akakamatwa tena. Baadaye akajikita katika michango ya Sisi kwa Sisi, ambapo watu wengi hutuma kidogokidogo kwa M-Pesa kumsaidia mgonjwa au familia moja.

Wengi humsifu kwa 2023 na kuisahau Novemba 2021. Mimi naona kinyume. Dai la 2021 lilikuwa finyu, la wasanii zaidi kuliko la mwananchi wa kawaida, lakini lilikuwa na umbo: asilimia ngapi, nani atekeleze, Bunge lifanye nini. Unaweza kulipima. Maandamano ya Februari 2023 yalitoa picha nzuri sana, miili mitupu mbele ya geti, na picha ikazunguka siku mbili tatu. Hapakuwa na kifungu mkononi. Miezi michache baadaye Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Mwili ule ule, geti lile lile, lakini ukiwa na namba hizo mwezi Mei, ungekuwa kitu kingine kabisa.

Kuhusu michango, sina neno baya kwa anayelipiwa deni la hospitali. Anapona, na hilo halina mbadala. Ila video ya mchango humalizika mgonjwa anapolia kwa furaha, na swali la kwa nini deni la hospitali lilimfilisi halijaulizwa. Skiti ya pili, ya dakika moja, kuhusu bima ya afya iliyomkataa, ingekaa vizuri kando ya video ya kwanza. Anayekusanya pesa za watu pia aonyeshe kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki kwenye video ileile, si katika chapisho la kujitetea baada ya watu kuanza kuuliza.

Skiti ya sera inatengenezwaje? Chukua ile kodi ya magari ya Kenya ya 2024. Muswada ulisema asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 na isizidi shilingi 100,000, ilipwe pale unapokata bima. Watu wengi waliishia kwenye "asilimia 2.5" na kulalamika. Mchekeshaji anayesoma hadi mwisho wa sentensi anakuta hazina kwenye kikomo. Asilimia 2.5 ya gari la milioni 4 ni shilingi 100,000 kamili. Kwa hiyo mwenye gari la milioni 4 na mwenye V8 la milioni 20 wanalipa sawasawa, na kwa mwenye V8 hiyo ni nusu asilimia tu. Upande wa chini, mwenye kigari cha laki moja na nusu analipa 5,000, zaidi ya asilimia 3. Utani tayari upo ndani ya hesabu. Kazi iliyobaki ni kuutafutia watu na mahali.

Mahali ni moja: dirisha la bima. Wahusika watatu: karani, mwenye Probox ya laki sita anayebeba mboga, na mheshimiwa aliyeacha injini ikinguruma nje. Karani anamtajia mwenye Probox shilingi 15,000. Mheshimiwa anatajiwa 100,000, anauliza mara mbili kama ni kwa gari zima au kwa kioo cha pembeni, kisha anamwambia mwenye Probox, "Pole ndugu yangu, tunaumia wote." Hiyo ndiyo panchi. Ukiongeza baada yake mtu anayegeukia kamera na kueleza kwamba kodi hii inawaumiza wanyonge, umeiua. Mtazamaji alikwisha kuelewa, na sasa anahisi anafundishwa.

Sekunde 60 hadi 90 zinatosha. Sentensi ya kwanza itamkwe ndani ya sekunde tatu, bila muziki wa kufungulia na bila kujitambulisha. Namba muhimu itajwe mara mbili kwa vinywa viwili tofauti. Weka maandishi makubwa ya Kiswahili chini, kwa kuwa wengi hutazama wakiwa ndani ya daladala au matatu bila sauti, na yapandishe kidogo ili jina la akaunti na maelezo ya TikTok yasiyafunike. Usitumie wimbo wa mtu. Ukilalamikiwa, sauti huzimwa na mazungumzo yote hupotea. Na kila skiti ya muswada iandikwe tarehe kwenye kioo. Kifungu kikiondolewa leo, video yako itaendelea kuzunguka WhatsApp miezi sita, na aliyeipata Novemba atakuita mwongo. Andika "Muswada" kama ni muswada na "Sheria" kama ni sheria. Wapo wanaolipwa kukutafutia kosa hilo moja ili waitupe video nzima.

Sekunde tano za mwisho ni za maelezo ya vitendo: maoni yanapelekwa kwa nani, kwa maandishi, mwisho lini. Kenya, Katiba ya 2010 inalitaka Bunge lishirikishe umma, na tangazo la kupokea maoni kuhusu Muswada wa Fedha hutoka magazetini kwa kawaida mwezi Mei, maoni yakielekezwa kwa Karani wa Bunge la Taifa. Tanzania, ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa Rais kufikia mwisho wa Machi na huwasilishwa Bungeni mwezi Aprili. Bajeti husomwa katikati ya Juni. Kila ripoti ya CAG ina vichekesho vya kutosha msimu mzima, vyote vikiwa na mhuri wa serikali. Mchekeshaji akisoma ripoti ya halmashauri moja tu, ile anayoishi, atapata kisima kisichotumika, gari lililolipiwa halijafika, au zahanati isiyo na umeme. Hahitaji kutia chumvi. Na ni vigumu kumshitaki kwa kusoma alichosoma Mkaguzi Mkuu.

Hapo tunafika kwenye sheria, na hapa wachekeshaji wengi hujilinda upande usio sahihi. Wanaogopa maneno, kumbe wanakamatwa kwa makaratasi. Idris Sultan, mchekeshaji wa Tanzania, alikamatwa Mei 2020 baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli aliyevaa suti kubwa kuliko mwili. Shitaka lililofikishwa mahakamani lilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Omondi mwaka 2021, kama nilivyosema, leseni. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za 2018 zilidai leseni kwa anayeendesha televisheni ya mtandaoni, na gharama za kuanza zilikuwa takriban shilingi milioni 2. Kwa hiyo kabla ya skiti ya kwanza: laini zote ziwe kwa jina lako na kitambulisho chako, akaunti iwe kwenye barua pepe unayoimiliki wewe si meneja, leseni ya chaneli iwe hai, kibali cha kupiga picha mahali pa umma kiwe mfukoni, na idhini za waigizaji ziwe na sahihi. Namba ya wakili iwe kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Makaratasi hayazuii kila kitu. Uganda, Julai 2020, wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa video iliyowaomba watu wawaombee viongozi, kisha ikawataja wakuu wa vyombo na taasisi, wengi wao kutoka eneo moja la nchi. Walituhumiwa kuchochea ubaguzi. Desemba 2024 mchora vibonzo wa Kenya, Kibet Bull, aliyejulikana kwa michoro ya vivuli ya kumkejeli Rais, alitekwa na kupatikana Januari. Anayewaambia vijana "semeni tu, msiogope" bila kuwaambia haya hawatendei haki. Pamoja na hatari yake, video ya Bizonto ni somo la ufundi: hawakutukana wala hawakudai kitu. Walisoma orodha kwa unyenyekevu wa sala, na msikilizaji akahesabu mwenyewe.

Wazee wetu katika fani walijua kuchagua wa kumlenga. Redykyulass, kundi la vichekesho la Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990 walimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, miaka michache tu baada ya makosa ya uchochezi kufutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997. The XYZ Show, kipindi cha kejeli cha televisheni ya Kenya, ilipoanza 2009, mchora vibonzo Gado na wenzake walitumia vikaragosi vya mpira, na kikaragosi kilisema alichotenda waziri wiki ile. Linganisha na skiti tunazolishwa kila siku: lafudhi ya kabila fulani, msichana wa kazi mjinga, mwanamume aliyevaa khanga akijifanya mama mkwe. Wanaochekwa hapo hawajapitisha sheria yoyote. Hizo hutrendi kwa urahisi kwa sababu hazimhitaji mtazamaji ajue kitu, na ndizo zinazojaza nafasi ambayo msichana wa kazi halisi, anayelipwa chini ya kima cha chini, angepaswa kuwa ndiye anayecheka.

Na kuna upande wa pili wa kutambuliwa. Chama tawala cha Tanzania kilikuwa na kundi lake la sanaa, TOT (Tanzania One Theatre), tangu 1992, na vichekesho vilikuwa sehemu ya maonyesho yake. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria tuzo za wachekeshaji Dar es Salaam. Fani iliyodharauliwa kwa miaka mingi ilistahili heshima hiyo, na nawafurahia waliopanda jukwaani. Lakini heshima ya aina hiyo hubadili hesabu za mtu kimyakimya: anaanza kupima kila mzaha kwa mwaliko unaofuata. Anayepokea tuzo na ajiwekee mada ambazo hataziacha, aziandike kabla ya hafla.

Jambo la mwisho ni njia ya kufikisha kazi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania. Mchekeshaji mwenye wafuasi milioni alibaki bila mtu hata mmoja wa kumsikia. Wahome Mutahi, mwandishi wa kejeli wa Kenya aliyefungwa mwaka 1986, baadaye alizungusha tamthilia zake za kejeli katika baa za Kenya kwa Kikuyu, watu wakiwa na vinywaji vyao mezani. Ukumbi mdogo una faida nyingine: unaipima skiti kabla ya kuiweka mtandaoni. Watu 40, kiingilio kidogo, jioni ya katikati ya wiki ambayo mwenye baa hana wateja. Waulize baadaye kwa maneno yao kifungu kilisema nini. Wakiikumbuka panchi lakini hawaikumbuki namba, irudishe kazini, isogeze namba karibu na kicheko, ujaribu tena Jumanne inayofuata. Kati ya ripoti ya CAG mwezi Aprili na bajeti ya Juni kuna Jumanne nane hadi kumi.